Amani kwa Baiskeli: Kagua Breki Kabla ya Kupima Miguu

Kila anayetaka kupanda Amani kwa baiskeli huanza na swali la mlima: ni mrefu kiasi gani, na ni mkali kiasi gani? Jibu lake halitishi. Kituo cha Sigi, lilipo lango la hifadhi, kiko kama mita 450 juu ya usawa wa bahari, na Amani penyewe ni mita 900 na ushee. Kati ya hapo na hapo kuna kilomita zipatazo 10 za barabara ya udongo inayojikunja huku na huku. Ukipiga hesabu unapata wastani wa mita 5 za kupanda kwa kila mita 100 za kwenda. Mtu mwenye gia nyepesi, maji ya kutosha na moyo usiotaka kushindana na bodaboda atafika juu. Kinachowaumiza watu Amani ni safari ya kurudi. Breki zilizochoka, udongo mwekundu uliolowa, na kona ambayo nyuma yake linakuja lori la majani ya chai: hapo ndipo mabega yanapoteguka. Kwa hiyo karibu kila ninachoshauri humu kimeanza kwa kufikiria mteremko, hata pale ninapozungumzia kupanda.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani iko wilayani Muheza, mkoani Tanga, kwenye milima ya Usambara Mashariki, kilomita 40 hivi tu kutoka Bahari ya Hindi. Ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1997, ina ukubwa wa takriban hekta 8,380, na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Umbali huo mfupi kutoka baharini ndio unaoamua mambo mengi ya mwendesha baiskeli. Upepo wa bahari hugonga mlima ukapanda, ukapoa, ukamwaga maji. Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na hakuna mwezi unaoweza kuuapia kwamba utakuwa mkavu. Masika, Machi hadi Mei, usiende. Sisemi ujihadhari, nasema usiende. Magari yenyewe hukwama. Vuli ya Oktoba hadi Desemba ni bahati nasibu. Imebaki miezi ya Januari na Februari, ambapo njia hukauka vizuri lakini joto la Muheza hukausha na mwendeshaji pia, na kipindi cha Julai hadi Septemba, chenye ubaridi, ukungu wa asubuhi na manyunyu ya hapa na pale. Mimi nachagua mwisho wa Agosti. Joto la bondeni huvumilika, na manyunyu ya siku moja hukauka kesho yake barabarani, ingawa ndani ya msitu unyevu hudumu.

Zunguka na baiskeli yako nyumbani kabla hujafikiria tiketi ya basi. Bana mkono wa breki ya mbele kwa nguvu zako zote. Ukigusa mpini, waya umelegea au padi zimekwisha, na baiskeli hiyo haijawa tayari kwa Amani. Fanya vivyo hivyo kwa breki ya nyuma. Kama ni za kubana rimu, chomoa zile raba uzitazame: mifereji yake ikiwa imeshafutika, badilisha zote nne, na beba seti nyingine mfukoni, kwa sababu matope ya Usambara ni changarawe laini ndani ya uji, yanasaga raba mpya ikawa kuukuu mchana mmoja. Rimu nayo husagika. Ipapase kwa kidole. Ukikuta imechimbika kama sahani, mwambie fundi akutafutie nyingine. Breki za diski hufanya kazi vizuri zaidi kwenye maji, lakini padi zake hazipatikani Muheza wala pengine Tanga mjini kwa aina uliyonayo, kwa hiyo nunua za akiba mapema. Mwenye breki za mafuta akague kama mkono unabonyea kama sifongo anapoubana. Ukiwa hivyo kuna hewa ndani, na hewa hiyo itamsaliti breki ikipata moto.

Gia zinafuata. Kwa baiskeli za kisasa zenye duara moja mbele, meno 30 au 32 mbele na 46 au zaidi nyuma yanatosha. Zile za mtumba kutoka Japani na Ulaya, zenye maduara matatu mbele, msizidharau: duara lile dogo la meno 22 au 24, ambalo mjini hakuna anayeligusa mwaka mzima, ndilo litakalokupandisha Amani umekaa kitini. Hakikisha tu kwamba mnyororo unakubali kushuka mpaka hapo, maana mara nyingi kifaa cha kuuhamisha kimeganda kwa kutotumika. Mafuta kidogo na dakika 10 za subira humaliza tatizo.

Tairi ziwe pana, inchi 2.1 kwenda juu, zenye meno yaliyoachana ili udongo upate pa kutokea. Meno yaliyosongamana hujaa tope na baada ya mita 50 unaendesha tairi laini lililopakwa ufinyanzi. Upepo usijaze hadi tairi liwe gumu kama jiwe. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tyubu ndani, paundi 28 hadi 30 hutosha kwenye udongo. Ukishusha zaidi, tyubu itabanwa kati ya jiwe na rimu ikatoboka matundu mawili yanayotazamana. Beba tyubu mbili, viraka, solusheni, pampu, kiungo cha ziada cha mnyororo na spana za ukubwa wa nati zako mwenyewe. Hilo la mwisho nalisisitiza kwa sababu nimeona watu wakibeba seti nzima ya vifaa vinavyong'aa, ila kile cha kufungulia gurudumu lao hakimo.

Kuhusu basi: baiskeli itasafiri kwenye buti, chini ya mabegi na pengine magunia ya nazi. Toa gurudumu la mbele na pedeli, geuza usukani ulale sambamba na fremu, ufunge kwa mpira. Kama una breki za diski, chomeka kipande cha boksi kati ya padi kabla ya kuitoa mkononi, kwa sababu mtu akiubana mkono wa breki gurudumu likiwa halipo, padi zitakutana na kuzitenganisha barabarani ni kazi ya bisibisi na lawama. Malipo ya mzigo patana na kondakta kabla ya kupakia, na uwepo buti likifunguliwa.

Shuka Muheza, usiende mpaka Tanga mjini. Muheza ina mafundi baiskeli wazuri, kwa sababu ni mji ambao baiskeli bado zinabeba mizigo ya kweli. Fundi aliyezoea kunyoosha rimu za baiskeli zinazobeba mikungu ya ndizi atakunyooshea yako huku anazungumza na wateja wengine. Lala hapo, ule mapema, ununue machungwa. Machungwa ya Muheza yanajulikana nchi nzima na hakuna chakula cha njiani kinachoyashinda: yana maji, yana sukari, na ganda lake linayalinda begini. Ongeza mihogo ya kuchemsha au chapati, karanga zenye chumvi, na lita 3 za maji kwa kila mtu. Maduka ya vijijini yapo, lakini usipange safari yako kwa kutegemea kwamba mwenye duka hakwenda shambani.

Ondoka saa 12 asubuhi. Kutoka Muheza hadi Sigi ni kama kilomita 25, na sehemu hii watu huichukulia kama utangulizi tu, wakaikimbia. Sikubaliani nao. Njia inaanza kama mita 200 juu ya usawa wa bahari, inapanda na kushuka vilima vidogo katikati ya mashamba, minazi na michungwa, kisha inaingia kwenye shamba la misaji la Longuza, ambako miti imesimama kwa mistari na majani yake mapana yaliyokauka yamefunika ardhi. Majani hayo yanateleza kuliko yanavyoonekana. Vilima vyenyewe, kimoja kimoja, si kitu. Vikijumlishwa na jua la saa 4, vinakula nguvu ulizoziweka kwa ajili ya mlima. Nenda kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kukatiza. Ukifika Sigi kabla ya saa 3, umefanya vizuri.

Hapo Sigi pumzika kweli, kama nusu saa. Jengo la habari za hifadhi lilikuwa nyumba ya mkuu wa stesheni ya reli. Wajerumani, walioanzisha taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo huko juu Amani mwaka 1902, chini ya mkurugenzi wake wa kwanza Franz Stuhlmann, walijenga tawi la reli nyembamba ya upana wa sentimita 75, lenye urefu wa kilomita 23, kutoka Tengeni kwenye reli ya Usambara hadi hapa. Reli iliishia mlima unapoanza. Kuanzia hapo watu na mizigo walipanda kwa barabara, na wewe unafuata utaratibu uleule. Reli yenyewe haipo tena, lakini ukisimama pale utaelewa ramani yote ya safari: nyuma yako ni bonde, mbele yako ni ukuta wa kijani, na pembeni unausikia Mto Zigi.

Lipa ada hapo. Malipo ya serikali hufanywa kwa kontroo namba, kupitia simu au benki, kwa hiyo uwe na salio kwenye simu na betri yenye chaji. Mtandao huwa dhaifu, na ndiyo maana wengine huomba namba hiyo siku moja kabla. Viwango vya raia, wakazi na wageni hutofautiana. Uliza waziwazi ni njia zipi zinaruhusiwa kwa baiskeli. Barabara kuu ya Sigi hadi Amani na zile za kwenda mashamba ya chai hutumiwa na magari na hazina shida. Njia za miguu ndani ya msitu ni habari nyingine: baadhi ni nyembamba, zimejaa mizizi, na ziliwekwa kwa ajili ya watembeao na watazamaji wa ndege. Ukiambiwa hapana, ni hapana. Ukiambiwa ndiyo, chukua mwongozaji wa pale kijijini, hata kama ramani ya simu yako inaonyesha kila kijia. Simu haijui ni daraja lipi lilichukuliwa na maji mwezi uliopita, na siku ukivunjika kifundo cha mguu, simu haitakubeba.

Sasa mlima. Kona za mwanzo zitakudanganya, kwani miti mikubwa inakufunika na ubaridi wa msitu unakupa nguvu za bandia. Weka gia nyepesi kabla ya kona, usisubiri mpaka mguu ukwame. Kubadilisha gia huku umekandamiza pedeli kwa nguvu zote ndiyo njia ya haraka ya kukata mnyororo. Kaa kitini. Ukisimama kwenye udongo uliolowa, gurudumu la nyuma linapoteza uzito, linazunguka bure. Sogea mbele kidogo kwenye kiti, inamisha kifua, viwiko vilegee. Katika kona kali, upande wa ndani ndio mkali zaidi na ndiko maji yalikochimba; pita upande wako wa kushoto lakini si kwenye mfereji, na piga kengele kabla hujaonana na anayekuja. Mwendo wa kilomita 6 au 7 kwa saa ni wa heshima kabisa hapa. Saa moja na nusu hadi mbili, pamoja na kusimama kunywa maji, utakuwa juu.

Kusukuma si aibu. Nasema hivi kwa vijana wa makundi ya mjini, wanaohesabu kila mita ya kusukuma kuwa ni kushindwa. Ukisukuma kona mbili za katikati unabakiza mikono na macho kwa ajili ya mteremko, na mteremko ndio wenye kudai.

Njiani huko juu utakutana na mbega weusi wenye mashuka meupe mabegani, kima wanaorushiana makelele, na vinyonga wadogo wanaovuka barabara kwa namna yao ya kusitasita. Hao wa mwisho ndio wanaokuhusu zaidi, kwani wanasagwa na tairi. Siafu pia huvuka kwa misafara. Usisimame kurekebisha mnyororo bila kutazama ulipoweka miguu. Kwenye miamba yenye kivuli na unyevu huota ua dogo la zambarau ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alilipeleka kwao, likapewa jina la Saintpaulia mwaka 1893, na leo linauzwa kwenye vyungu katika madirisha ya Ulaya na Marekani. Hapa ni kwao. Liangalie, lipige picha, liache.

Amani penyewe patakushangaza kwa utulivu wa majengo yake ya zamani, nyasi zilizokatwa na miti ya kigeni mikubwa. Bustani yake ya mimea ilipandwa kuanzia mwaka huo wa 1902 kwa nia ya kujua ni zao gani la tropiki lingelipa katika koloni: kahawa, mpira, mkwinini, viungo, mbao. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoikatia koloni meli za kutoka Ujerumani, wataalamu wa Amani waligeuka wenye viwanda. Walitengeneza kwinini kwa ajili ya askari, sabuni, mishumaa, hata chokoleti na pombe kali. Waingereza waliichukua mwaka 1916, baadaye wakaifanya kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki, na kazi hiyo ilipohamia Muguga, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1940, Amani ikawa makao ya utafiti wa malaria. Mpaka leo jina la Amani liko kwenye kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. (Na wewe usisahau chandarua, ukilala Sigi bondeni, mbu wapo wa kutosha kufanyiwa utafiti mwingine.)

Historia hiyo ina deni ambalo mwendesha baiskeli anaweza kuliongeza bila kujua. Baadhi ya mimea iliyoletwa kwa majaribio haikubaki bustanini. Muhesi, mti unaotokea magharibi ya Afrika Mashariki na kwingineko, ulisambaa msituni na kuchukua nafasi ya miti ya asili, na kichaka cha Clidemia hirta kutoka Amerika ya tropiki kimejaa kandokando ya njia. Mbegu za Clidemia ni ndogo mno, na tope lililoganda kwenye meno ya tairi ni usafiri mzuri kwake. Osha baiskeli kabla ya kuingia hifadhini, na uioshe tena kabla ya kuipeleka msitu mwingine, iwe Magamba kule Lushoto au Shimba Hills upande wa pili wa mpaka. Ila usiioshee mtoni. Maji ya Zigi yanashuka hadi bwawa la Mabayani, na ndiyo yanayonywewa Tanga mjini. Chota ndoo, nenda mbali na kingo, tumia brashi na maji matupu. Grisi na dawa ya kusafishia mnyororo subiri ukafanyie nyumbani.

Ningeshauri ulale Amani usiku mmoja. Kuna nyumba za wageni za hifadhi, na usiku una baridi ya kudai sweta. Wanaopanda na kushuka siku hiyohiyo huanza mteremko saa 10 au 11 jioni, mikono imechoka, na chini ya miti mikubwa giza huingia mapema kuliko anga linavyoonyesha. Ukilala, unaipata asubuhi nzima ya siku ya pili kwa mzunguko wa mashamba ya chai ya upande wa Kwamkoro. Barabara hizo ni za vilima vifupi vifupi, chai imekatwa usawa wa kiuno pande zote, na katikati yake msitu unaingia na kutoka. Kwangu hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Ni mali ya kampuni na ni njia za watu wanaokwenda kazini: wachumaji wenye vikapu, matrekta, malori. Simama pembeni wapite. Wao wana muda wa kupeleka majani kiwandani kabla hayajaharibika, wewe una likizo.

Rudi sasa kwenye breki. Kabla ya kushuka, zibane tena kama ulivyofanya nyumbani, kaza waya, tazama raba. Shusha kiti sentimita chache, tano au zaidi, ili uweze kukaa nyuma yake. Punguza upepo kidogo kama njia imelowa. Kisha fuata utaratibu mmoja ambao mikono lazima iujue kabla ya akili: breki hubanwa kabla ya kona, katika sehemu iliyonyooka, na huachiwa ndani ya kona. Anayebana katikati ya kona kwenye udongo mwekundu gurudumu lake la mbele litaserereka, naye atajikuta chini kabla hajajua kosa lake. Simama juu ya pedeli, zikiwa sawa kwa kimo, magoti na viwiko vimelegea, makalio nyuma. Tumia breki zote mbili, kidole kimoja au viwili kila upande. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, lakini iguse kwa upole. Ya nyuma peke yake itaburuza tairi, itachimba barabara na haitakusimamisha.

Usishikilie breki mfululizo kilomita nzima. Joto linalozaliwa halina pa kwenda: rimu hupata moto kiasi cha kupasua tyubu, na mafuta ya breki huchemka mkono ukagusa mpini. Bana kwa nguvu sekunde chache, achia, acha upepo upooze, bana tena. Kila baada ya kilomita mbili simama kabisa, toa mikono kwenye usukani uikunjue. Vidole vikianza kufa ganzi huwezi tena kupima nguvu ya kubana, na hapo hata breki mpya haikusaidii.

Macho yaende mbali, mita 10 au 15 mbele, pale unapotaka kupita. Ukilikodolea jiwe, utaligonga. Mifereji iliyochimbwa na tairi za malori chagua mmoja ukiwa mbali na ubaki ndani yake. Ajali nyingi hutokea mtu anapojaribu kuhama katikati. Mizizi na mbao za madaraja zilizolowa zivuke kwa pembe ya mraba, bila kubana breki wala kukata usukani. Ukungu ukishuka, washa taa, mchana huohuo.

Barabara hii ina watu. Bodaboda wengi hushuka injini ikiwa imezimwa ili kuokoa mafuta, kwa hiyo hutawasikia, watazame. Baiskeli zilizobeba ndizi hushuka na breki ambayo mara nyingi ni kandambili ya mwenyewe iliyokandamizwa kwenye tairi. Yule hana namna ya kukukwepa. Mpishe hata kama wewe ndiye uliye upande sahihi. Ukiwakuta akina mama na kuni kichwani, punguza mwendo mapema na sema kutoka mbali, maana mtu mwenye mzigo hageuki haraka. Wazee wape shikamoo zao. Ni jambo dogo na ndilo litakalomfanya mtu atoke na spana siku mnyororo wako ukikatika mbele ya nyumba yake. Watoto watakukimbilia wakipiga kelele. Simama uwasalimie, au pita taratibu kabisa, lakini usiwagawie peremende ukiwa unaendesha; hilo linawafundisha kurukia baiskeli ijayo.

Ukiumia vibaya, hospitali ya kukimbilia ni Hospitali Teule ya Muheza, na kutoka Amani hadi huko si karibu kwa mtu mwenye mfupa uliovunjika. Kwa sababu hiyo msiende chini ya watu watatu: mmoja akianguka, wa pili abaki naye na wa tatu atafute gari. Andika kwenye karatasi namba ya ofisi ya hifadhi na ya dereva mmoja wa pale kijijini, kwa kuwa simu huzimika. Kofia ngumu vaa tangu Muheza. Glavu nazo, za vidole vizima, si mapambo.

Na kwa anayeanza, ambaye hajawahi kushuka mlima wa udongo kwa baiskeli, neno langu ni kwamba Muheza hadi Sigi na kurudi, kilomita 50 hivi kupitia misaji ya Longuza, ni safari kamili. Acha baiskeli Sigi, panda Amani kwa basi au kwa miguu, ione barabara ilivyo, zitazame kona zake. Ukirudi Agosti ijayo na raba mpya za breki, utaushuka mlima ule ukiwa tayari unaujua.